Filamu ya Veturia: Ukurasa Ulioondolewa

Tulimwacha Otilia Cernat kidole kikiwa juu ya kipanya. Gazeti alilolihangaikia wiki nzima lilikuwa limejitokeza kwenye kanzidata ya maktaba, tarehe ileile, kichwa kilekile. Alibofya. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikaandika sentensi moja:

"Ukurasa huu umeondolewa kwa ombi la mwenye haki."

Otilia akabofya tena, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama.

"Umeondolewa? Umeondolewa na nani?"

Chumba kizima kikageuka. Mwanafunzi mmoja akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Otilia alimtazama kwa jicho ambalo lilimrudisha kijana kwenye kitabu chake mara moja.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, shauri lenyewe ni hili. Otilia ni mtangazaji wa kituo kidogo cha televisheni mjini Iași. Mwezi Machi alisema hewani kwamba Octav Pleșcan, mwongozaji mkongwe wa filamu ambaye tuzo zimemjaa kabatini, aliiba ile filamu ya mafuriko iliyompa jina. Aliyeitengeneza, alisema Otilia, ni mpiga picha wake, marehemu Veturia Bîrsan. Mzee akakimbilia mahakamani. Kesi ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa, saa sita imepita, na maktaba ya chuo inafunga saa nane.

Silaha ya Otilia ni moja tu: mahojiano ya mwaka 1990, katika gazeti lililozaliwa baada ya Mapinduzi yaliyong'oa utawala wa kikomunisti na kufa kabla ya kuota meno. Humo Pleșcan mwenyewe alikiri. Otilia aliyasoma akiwa mwanafunzi, akanakili maneno mawili matatu, nakala hakuchukua. Ujana! Sasa mahakama haitaki maneno mawili matatu. Inataka ukurasa.

Akainuka, akaenda kwenye meza ya mkuu wa chumba cha magazeti.

"Bibi Rusu."

"Daktari Rusu," alisahihisha yule mama bila kuinua kichwa. Alikuwa akitafuna mkate wa pete wenye ufuta, miwani moja puani, nyingine imesahauliwa kichwani. "Na kabla hujafungua kinywa, funga mlango. Upepo unatoka dirishani unapita hapa unaniingia sikioni."

"Hakuna upepo, Daktari. Ni Juni. Watu wanayeyuka."

"Upepo wa Juni ndio unaoua."

Otilia akafunga mlango. Chumba kikawa tanuri.

"Kuna ukurasa wa gazeti umeondolewa. Nani kauondoa?"

"Mwenye haki."

"Gazeti lenyewe lilikufa zamani! Maiti inaandikaje maombi?"

"Maiti ina warithi, binti yangu. Jengo liliuzwa, na magazeti ya zamani yakauzwa pamoja na jengo."

"Yakanunuliwa na nani?"

Daktari Rusu akapangusa ufuta vidoleni, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akamgeuzia skrini. Otilia akasoma. Jina la mnunuzi alilifahamu kuliko jina la mtaa wake: kilikuwa kituo chake mwenyewe. Na chini ya ombi la kuuondoa ukurasa palikuwa na saini.

Doru Hanganu.

Mhariri wake mkuu! Yuleyule aliyemshika bega mwezi Machi akamwambia, "Wewe piga, mimi niko nyuma yako."

Kumbe nyuma yake alikuwa na kisu.

Otilia alitoka hadi kwenye ngazi, akampigia.

"Doru, umeuondoa ukurasa wangu?"

"Otilia, kipenzi! Ndiyo kwanza nilikuwa nakupigia."

"Acha ukipenzi. Nijibu."

"Sikiliza vizuri. Wakubwa wanakiuza kituo. Mnunuzi hataki kituo chenye kesi. Nimeongea na wakili wa mzee, tumeelewana. Jumatatu unaomba radhi hewani, unasoma mistari mitatu, tunaingia kwenye hali ya hewa. Basi. Maisha yanaendelea."

"Niombe radhi kwa kusema kweli?"

"Kwa kusema jambo usilo na ushahidi nalo."

"Ushahidi umeuficha wewe!"

"Ndiyo maana nakwambia huna." Doru akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Umekula lakini? Unasikika kama una njaa."

Simu ikakatika. Otilia alibaki akiitazama, akitamani iwe na shingo.

Wengine wangekaa kwenye ngazi wakalia. Otilia alijua jambo moja: mwaka 1990 magazeti yaliota kama uyoga baada ya mvua, na yalikuwa yakiibiana habari mchana kweupe. Mahojiano yaliyotikisa mji mmoja yangechapwa tena na mji wa jirani. Pengine yapo mahali, chini ya jina la gazeti jingine, ambako mkono wa Doru haufiki.

Akarudi kwenye kiti chake. Na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Kanzidata ya majarida ya filamu ilimpa muhtasari wa mistari miwili, ikasema habari kamili ni kwa wanachama. Akaingiza nywila yake ya zamani. Akajibiwa kwamba Otilia Cernat hayupo tena chuoni. Kanzidata ya vipindi vya televisheni ilimwambia watumiaji wamejaa, asubiri. Akasubiri. Alipopata nafasi, ikamtoa kwa sababu amekaa muda mrefu bila kufanya lolote.

"Nilikuwa nakusubiri wewe!" aliifokea.

"Sauti," alisema Daktari Rusu kutoka mbali.

Ikabaki kanzidata ya magazeti ya mikoa, ile kubwa. Hiyo ilimruhusu kutafuta, lakini kufungua kurasa kulihitaji kitambulisho cha msomaji wa chuo. Akaona heri atafute kwanza. Akaandika jina la Veturia kama linavyoandikwa siku hizi, Bârsan. Yakaja majina ya wacheza mpira, mganga wa meno mmoja na tangazo la trekta. Akaliandika kwa herufi ya magazeti ya enzi zile, Bîrsan.

Hakuna matokeo.

Akaandika jina kamili. Hakuna matokeo. Akaandika jina la filamu. Yakaja mafuriko ya kweli, mikoa yote, miaka yote.

"Daktari, kwa hisani yako, kuna namna nyingine ya kutafuta?"

"Mimi nina udaktari wa maandiko ya kanisa ya karne ya kumi na saba," alijibu yule mama kwa fahari. "Watawa hawakuwa na nywila."

Otilia akalaza paji la uso juu ya meza. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba. Aliona Jumatatu ikija: taa za studio, karatasi ya mistari mitatu, Doru nyuma ya kioo akimwonyesha dole gumba.

Kiti cha jirani kikakwaruza sakafu.

"Usisimame, binti," ilisema sauti nzito. "Watu ninaowashitaki nawaruhusu wakae."

Otilia akainua kichwa. Octav Pleșcan! Koti la kitani, fimbo, ndevu nyeupe zilizochongwa kwa uangalifu. Alikuwa amekaa sentimita chache kutoka kwake, akihema kwa sababu ya ngazi.

"Umekuja kunicheka, mzee?"

"Ningetaka kukucheka ningebaki nyumbani na kuwasha televisheni."

"Basi nenda kafurahi. Ukurasa umeondolewa. Umeshinda."

"Wakili wangu ameniambia. Anasherehekea toka jana, utadhani ni harusi yake." Mzee akaegemeza fimbo mezani. "Mimi sikulala. Unajua kwa nini?"

"Dhamira?"

"Kumbukumbu. Nina miaka themanini na mbili. Mwaka ule sote tulikuwa tumelewa uhuru, tulisema kila kilichokuja mdomoni, kwa yeyote aliyeshika kalamu. Wewe unadai nilikiri. Mimi sikumbuki nilichosema! Jumatatu nitashika Biblia niape. Kama nitaapa uongo, angalau nataka nijue kwamba ni uongo."

Otilia akageuza kiti kumwelekea. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu kwa miezi, na sasa mtu mwenyewe alikuwa akipangusa jasho kwa leso kama babu wa mtu yeyote.

"Huwezi kuusoma," alimwambia. "Huenda gazeti jingine liliyachapa mahojiano yale, lakini kila mlango hapa unadai kitambulisho cha chuo."

Pleșcan akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi na kuiweka mezani taratibu, kama mcheza karata mwenye ree.

"Profesa mstaafu. Maisha yote. Inafungua kila kitu humu isipokuwa choo cha wafanyakazi."

Otilia akaikodolea macho. Wiki nzima amepiga magoti kwenye milango ya chuo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa adui!

"Unataka nini?"

"Tusome pamoja. Litakalotokea, tulisome wote wawili. Usinifiche, nisikufiche."

"Nitakuamini vipi?"

"Usiniamini. Kaa karibu."

Wakapeana mikono. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na mwepesi.

Kadi ikafungua. Pleșcan akasogeza kiti, Otilia akaandika. Bîrsan. Hakuna matokeo. Akapunguza, akaongeza, akabadilisha mwaka, akaweka mkoa, akaondoa mkoa. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Labda gazeti halikuandika jina lake," alisema mzee.

"Haiwezekani. Mwaka ule kila mtu alikuwa anaandika majina."

"Basi mashine yako ni kipofu."

Otilia aliacha kuandika. Kipofu... Kurasa hizi hakuzichapa mtu upya. Zilipigwa picha, kisha mashine ikazisoma zile picha na kukisia herufi. Nani aliwahi kuangalia inakisiaje?

Akafungua ukurasa mmoja ambao aliujua kwa moyo, ratiba ya televisheni ya kiangazi cha 1990, karatasi mbaya, wino umevuja. Pale chini, kwa macho yake, alisoma wazi: picha, Veturia Bîrsan. Akabonyeza mahali palipoandikwa "maandishi ya mashine". Ukurasa uleule ukatokea kama mashine ilivyouona.

Veturia Bfrsan.

"Mungu wangu," alisema Otilia. "Inasoma herufi yetu kuwa efu. Imemwita Bfrsan."

"Hilo si jina," alisema Pleșcan. "Hiyo ni chafya."

Otilia hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimeshaandika ile chafya na kubofya. Na tazama! Matokeo yakamwagika: ratiba, tahakiki, taarifa za maonyesho. Katikati yao kulikuwa na gazeti la mji wa jirani wa Vaslui la Mei 1990, ukurasa wa tatu, lenye kichwa kilichomfanya ashike ukingo wa meza: "Mwongozaji Pleșcan asema yote."

"Fungua," alisema mzee. Sauti ilikuwa imepungua.

Ukurasa ukafunguka mzimamzima. Picha ya Pleșcan wa enzi zile, sigara mkononi. Safu mbili za maneno. Otilia akaanza kusoma kwa sauti ya chini, lakini alipofika katikati ya safu ya pili mzee alimshika mkono, akasoma mwenyewe:

"'Filamu ni ya Veturia, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kaka yake alivuka mpaka akakimbilia Ujerumani, basi jina la Veturia likapigwa marufuku. Wakaguzi wa serikali wakaniambia, weka jina lako au tunaichoma. Nikaweka langu ili isiungue. Kazi yangu kule mafurikoni ilikuwa kumbebea betri.'"

Pleșcan akauachia mkono wa Otilia.

Otilia alikuwa ameingoja sentensi hiyo kwa miezi, na ilipofika haikukaa mdomoni kama alivyotarajia. Maneno yale mawili matatu ya ujana wake yalikuwa "filamu ni ya Veturia". Yaliyofuata hakuyanakili. Hewani alisema mzee ameiba. Hapa mzee alikuwa ameiokoa.

"Kumbe nilikuwa mtu mwema," alisema Pleșcan polepole.

"Mwaka ule," Otilia alimjibu. "Na tuzo zilizofuata? Mlikuwa huru. Ulipanda majukwaani miaka na miaka hukumtaja."

"Watu wakikupigia makofi, binti, huwaulizi kama wamekosea nyumba."

"Jibu hilo utampa hakimu." Otilia akainuka. "Daktari Rusu! Nahitaji nakala ya ukurasa huu yenye mhuri wa maktaba, ya mahakamani."

"Nafunga sasa hivi," alisema yule mama akitazama saa. Hata hivyo akatoa karatasi ya maombi na mhuri wake wa chuma. "Kadi ya nani imefungua?"

"Ya kwangu," alisema Pleșcan.

"Basi wewe ndiye utakayeomba na kutia saini. Kanuni."

Otilia akamsogezea karatasi. Akamsogezea na kalamu. Mzee aliitazama kalamu kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

"Hapana."

"Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kusoma. Tumesoma." Akaichukua kadi yake, akairudisha mfukoni. "Unataka nijinyonge, na kamba ninunue mimi?"

"Mzee, wewe ni mwizi."

"Umeshasema hayo hewani. Ndiyo maana tuko hapa."

Otilia alitaka kuitupa ile kompyuta dirishani. Alitoa simu, akaupiga picha ukurasa, huku akijua hakimu ataitupilia mbali kwa maneno mawili: haina mhuri. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Ushahidi ulikuwa pale, unang'aa mbele ya macho yake, na watu watatu walikuwa wameuzuia: Doru kwa saini yake, Rusu kwa kanuni zake, na huyu kwa kadi yake!

Akateremsha ukurasa ili apige picha sehemu ya chini. Hapo akaona kitu ambacho hakukiona mwanzo.

Kanzidata ile huruhusu wasomaji kuacha maoni chini ya kurasa. Kurasa nyingi hazina. Huu ulikuwa na moja, limeandikwa Jumanne ya wiki hii.

"Si kweli. Betri nilibeba mwenyewe. Yeye alibeba mwavuli. V. B."

"Mtu anafanya mzaha," alisema Otilia. Lakini alipogeuka, Pleșcan alikuwa ameshaketi. Alikuwa mweupe kama ukuta.

"Mwavuli," alinong'ona. "Mwavuli wa bluu. Nilimshikia yeye na kamera, mimi nikiloa. Hapakuwa na mtu mwingine. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu."

"Veturia amekufa."

"Nani kakuambia?"

"Wewe! Ulisema kwenye hotuba ya tuzo, 'marehemu Veturia'. Iko kwenye video."

"Mimi niliandikiwa barua kutoka Ujerumani kwamba amefariki. Nililia siku tatu." Akamgeukia. "Wewe hukuthibitisha? Umemzika mbele ya mkoa mzima na hukuuliza kaburi liko wapi?"

Otilia akaitazama tena skrini. Miezi yote hii alimpigania mwanamke yule kama mtu anavyopigania marehemu, bila kuhofia kwamba marehemu atakuja kusahihisha.

"Nafunga!" alipaza sauti Daktari Rusu. Safu ya kwanza ya taa ikazimika.

Pleșcan akavuta kibodi. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika chini ya yale maoni: "Veturia? Ni Octav." Akabofya.

Wakangoja. Otilia akasahau karatasi, akasahau Doru. Safu ya pili ya taa ikazimika. Wanafunzi wakapita na mifuko yao.

"Saa nane mashine zinajizima zenyewe," alisema Daktari Rusu, tayari na funguo mkononi. "Sina mamlaka nazo."

"Daktari, nakuomba!" alisema Otilia.

"Hata ukiniomba."

Otilia akafungua ukurasa upya. Hakuna. Akaufungua tena. Hakuna. Mzee alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ikagota. Otilia akabofya mara ya mwisho, na mstari mpya ukatokea:

"Najua ni wewe. Namjua na yule binti wa televisheni aliyenitangaza marehemu. Nimeshuka kwenye treni leo asubuhi. Jumatatu nitakuja mahakamani. Nitakaa upande wa nani, bado sijaamua."

Skrini ikazimika.